Bendi Yenye Sura ya Bibi

Bibi alifungua mdomo siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, gitaa lilipoanza kulia.

Kwa siku tatu alikuwa ameubana kama mfuko uliofungwa kamba. Mkwe wake alimbembeleza, akamwombea, mwishowe akamtishia kwa sindano. Kijiko kilifika kwenye midomo kikarudi kama kilivyokwenda. Kiharusi kilikuwa kimempiga miaka miwili nyuma. Upande wa kulia ulilala, maneno yakaondoka, ikabaki sauti moja ya kooni aliyoitoa kwa furaha na kwa hasira vilevile, mpaka umtazame jicho ndipo ujue leo ni ipi. Lakini mdomo ulikuwa bado wake, na kuubana ndiyo njia pekee iliyombakia ya kumwambia mtu sitaki.

Asubuhi hiyo mwanawe, Fundi, alikuwa ameleta redio kutoka karakana yake ya mageti. Mteja alikuwa ameiacha hapo akasahau kurudi.

"Kitufe cha stesheni kimekwama," alimwambia mkewe akiichomeka. "Inashika moja tu. Lakini atasikia watu wanaongea, si ndiyo? Kuliko kukaa anatazama dari."

"Na mimi je? Mimi si mtu?"

"Wewe huongei, mke wangu. Wewe unanung'unika."

Akatoka akicheka. Mkewe alibaki na bakuli la supu na redio iliyosema habari za bei ya saruji. Ilipofika saa nne, stesheni ile ikaingia kwenye saa yake ya muziki wa roki. Ngoma zilianza kama mtu anavunja mlango. Gitaa la umeme likafuata, kali kama bati linalokatwa, na juu yake mwanamume akaimba kwa koo la aliyemeza mchanga. Mtangazaji alipiga kelele kwamba hao ni Kutu, bendi ya watu wanne, na kwamba wapenzi wa Kutu wasogee karibu, saa nzima ni yao.

"Hawa wana wazimu," alisema mkewe Fundi, akanyanyuka kwenda kuizima.

Nyuma yake bakuli lililia. Bibi alikuwa amelipiga kwa mkono wa kushoto. Akageuka. Mdomo wa Bibi ulikuwa wazi.

"Mama, unataka hii?"

Bibi akapiga tena.

"Hii hii? Wewe uliyeimba kwaya miaka thelathini?"

Bibi akapiga mara mbili, sawasawa na ngoma, na supu ikaruka.

"Haya. Mimi ni nani."

Bibi akala bakuli zima.

*

Mkewe Fundi mtaani walimwita Mama Rangi. Jina hilo lilikuwa la zamani, la siku alipokuwa akiandika mabango ya maduka na kuchora sura za watu. Ulimpelekea picha ndogo ya kitambulisho, akaipiga mistari ya miraba kwa penseli, akapiga miraba mikubwa kwenye ubao, akahamisha pua mraba kwa mraba mpaka marehemu baba yako akakutazama ukutani na tai yake. Kisha ikaja mashine ya kuchapa mabango, na watu wakaipelekea sura zao. Brashi zake sasa Fundi alizitumia kupaka mageti rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Jina lilibaki, kama namba ya simu ya mtu aliyehama.

Kazi yake ilikuwa Bibi. Kila saa mbili alimgeuza, kulia, mgongo, kushoto, ili mgongo usioze. Mgongo hauna Jumapili. Alifua shuka, akapika laini, akakata kucha. Duka la jirani lilikuwa safari yake ndefu, na hata huko alinunua huku amegeuza shingo kuelekea nyumbani. Chumba cha Bibi kilikuwa na hatua nne kwa tatu, na dirisha lenye nondo ambazo Fundi alizisuka mwenyewe kwa maua ya chuma, kazi nzuri sana, wapita njia waliisifia. Kutokea ndani zilikuwa nondo tu. Alfajiri, kabla mumewe hajaamka, Mama Rangi alipiga magoti akamwomba Mungu amtoe katika chumba kile. Hakumwambia kwa njia ipi. Aliona aibu kusema zaidi.

Kutu ikawa saa yao. Wiki ya kwanza aliivumilia kwa ajili ya supu. Wiki ya pili alijikuta anafua shuka kwa mapigo ya ngoma. Wiki ya tatu alijua ni wimbo gani unakuja kabla gitaa halijamaliza kukohoa, na mpiga gitaa alipouvuta uzi mpaka ukalia kama mtu, alisimama na shuka mkononi, maji yanamtiririka hadi kwenye viwiko.

"Sijui ana sura gani huyu baba anayeimba," alimwambia Bibi. "Mnene?"

Bibi akajaza hewa shavu la kushoto, lile linalotii.

"Mnene kiasi hicho? Na sauti atoe wapi? Mimi nasema mwembamba. Mtu wa kulala njaa."

Walicheka, kila mtu kwa namna yake. Lakini swali halikumtoka. Lilimfuata jikoni, likamfuata uani kwenye kamba ya nguo. Siku ya tatu alichukua kipande cha ubao mwembamba kutoka rundo la mumewe, mabaki ya milango, akachukua na makopo yaliyobaki chini: nyekundu ya kuzuia kutu, nyeusi, fedha ya ncha za mageti. Akaketi kwenye kigoda. Hakuwa na picha ya kupiga miraba. Mkono wake haukuwahi kuchora sura bila miraba, na sasa ulisimama hewani kama mgeni asiyejua mlango.

Ndipo akamtazama Bibi. Kumtazama alimtazama kila siku, mgongo, visigino, sehemu zote ambazo mtu hamwonyeshi mkwe wake. Uso ndio aliokuwa hauoni. Mdomo ulikuwa umevutwa upande wa kushoto na ngoma ilikuwa inapiga, na mdomo ule ulikuwa hasa mdomo wa mtu anayelitoa kwa kelele neno la mwisho la wimbo.

"Mama, usitiki... Basi, tikisika tu. Kutu hawatulii."

Alichora kwa saa nzima. Bibi alipiga godoro, akatikisa kichwa, akatoa ile sauti yake ya kooni. Redio ilipoingia kwenye matangazo ya mbolea, mwimbaji wa Kutu alikuwa pale kwenye ubao, amevaa koti jeusi, nywele zimemsimama, na uso wa Bibi.

Fundi aliporudi jioni alisimama mlangoni muda mrefu.

"Huyu si Mama?"

"Ni mwimbaji."

"Mwimbaji ana kovu la Mama hapa kidevuni?" Akasogea. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Jamani. Mimi kutwa napigana na kutu, nyie mnaicheza ndani kwangu! Na kwa rangi yangu!" Kisha akatazama tena. "Umemweza. Hukuwahi kuchora hivi. Wale wa zamani walikuwa kama wamekaa posta wanangoja barua."

Mwezi ulipoisha mbao zilikuwa nne. Mpiga gitaa alikuwa na jicho la Bibi lililoshuka nusu, kama mtu aliyezama kwenye wimbo. Wa gitaa zito, la besi, alikuwa na uso wa Bibi wa asubuhi, mkali, kabla ya kuoshwa. Mpiga ngoma alikuwa mkono wa kushoto mtupu, mkubwa kuliko kichwa, na uso nyuma yake unacheka. Mama Rangi alizipanga ukutani mbele ya kitanda ili Bibi azione, na Bibi alizitazama kama mtu anavyotazama wanawe wakiingia mlangoni.

Alfajiri Mama Rangi aliendelea kuomba atolewe. Ila mchana alisahau.

*

Dada Mkubwa alifika Jumamosi bila taarifa, saa nne na nusu. Yeye ndiye mkubwa wa watoto wa Bibi na alikuwa msimamizi wa bweni la wasichana, mwanamke anayejua kuingia chumba bila kubisha hodi. Godoro la Bibi alilinunua yeye, na dawa za shinikizo la damu, na kwa hiyo kila alipokuja alipitisha mkono chini ya mgongo wa mama yake kutafuta kidonda, akanusa shuka, akahesabu zilizo safi.

Siku hiyo hakwenda kitandani kwanza. Redio ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Alisimama katikati ya chumba, mkoba ukiwa bado begani.

"Ni nini hii?"

"Karibu, wifi. Hatukujua..."

"Nimeuliza, ni nini hii?"

Mama Rangi akapunguza sauti. Bibi akapiga godoro. Akaiongeza kidogo, akaona uso wa wifi yake, akaizima.

"Ni bendi, wifi. Mama anaipenda. Asipoisikia hali."

"Sisemi redio. Hizo." Dada Mkubwa alinyoosha kidole ukutani. "Huyo ni mama yangu. Umemvalisha makoti ya wahuni. Mdomo wake huo, mdomo Mungu aliomjaribu nao, umeuchora, ukaukuza, ukautundika. Umemtundika hapo akajione! Wifi, nilikukosea nini?"

"Si kumcheka. Ungeona tunavyo..."

"Wageni wakija kumwona mgonjwa wanaona nini? Wanawake wa ibada wakija kuomba, wanaombea wapi, chini ya hizo?" Akamgeukia mama yake, akainama, sauti ikabadilika ikawa ya kusemesha mtoto. "Pole, mama. Pole. Nimefika. Wamekufanya kichekesho, eeh? Pole."

Bibi alitoa sauti yake ya kooni, ndefu.

"Unaona? Analia."

"Amekasirika," alisema Mama Rangi.

"Wewe ndiye wa kunitafsiria mama yangu?"

Alipitisha mkono chini ya mgongo. Hakukuwa na kidonda. Alinusa shuka, ilikuwa safi. Hilo halikumtuliza hata kidogo.

*

Walikaa sebuleni baada ya chakula cha mchana, watatu, na Bibi nyuma ya pazia. Fundi alikuwa ameitwa kutoka karakana na mikono yake ilikuwa bado na masizi. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mteja.

"Nimefikiri," alisema Dada Mkubwa. "Sitaki maneno mengi. Mama namchukua. Kesho gari la shule linapita kwenda kule shuleni, wananibebea."

Mama Rangi aliitazama mikono yake. Ombi la alfajiri lilikuwa limejibiwa, pale mezani, kwa maneno ya kawaida, na kulikuwa na harufu ya vitunguu. Alijiona akitoka mlangoni bila kugeuza shingo. Akajiona sokoni, hana haraka, anachagua nyanya moja moja. Saa mbili zikipita, hakuna wa kumgeuza.

"Utamweka wapi, wifi?" aliuliza.

"Nina chumba nyuma ya bweni."

"Kina dirisha?"

"Kina la juu, la hewa. Kina mlango mzuri wa kufuli. Asubuhi namlisha, namfungia, saa saba natoka zamu, narudi kumgeuza. Jioni hivyo hivyo."

"Asubuhi mpaka saa saba?"

"Wasichana mia mbili na arobaini, wifi. Siwezi kumwacha mlango wazi, watakuja kumchungulia. Mimi sichori, mimi nafanya kazi."

Fundi alisafisha koo. "Dada, huoni kwamba mgongo..."

"Wewe nyamaza. Ulikuwa wapi mkeo akimchora mama yako kama katuni? Ulileta rangi!"

Nyuma ya pazia ilitoka ile sauti. Ilipanda ikakatika.

"Anataka maji," alisema Dada Mkubwa, akainuka.

"Hataki maji," alisema Mama Rangi.

Walitazamana. Dada Mkubwa akakaa. Sasa alionekana kuchoka, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyesimama njia nzima kwenye basi. "Sikiliza," alisema polepole. "Mimi si mnyama. Najua kazi unayoifanya humu. Wake wengi wangekimbia. Akibaki, abaki kama mama, si kama mchezo. Hizo mbao zitoke, leo, nikiwa naona. Hiyo redio naondoka nayo. Na uniombe radhi, halafu umwombe na yeye. Hapo nitajua ulipotewa tu na akili, na mama atabaki. La sivyo, kesho gari linapita."

"Mke wangu," alisema Fundi kwa sauti ndogo. "Sema basi."

Alimwona mumewe hamtazami. Alijua angekubali lolote litakalosemwa, na kwamba jioni angelia uani akijifanya anasaga chuma. Lilikuwa jambo la watu watatu, na mmoja tu ndiye aliyepaswa kulipia. Bure kabisa angeweza kusema mchukue. Angelala usingizi. Brashi angekuwa nazo, mchana wote angekuwa nao, na angekaa kwenye kigoda mbele ya ubao na kitanda kitupu.

Na huko Bibi angekuwa anatazama dirisha la hewa, tangu asubuhi mpaka saa saba.

"Nisamehe, wifi," alisema. "Nilipotewa na akili."

*

Dada Mkubwa alitaka zichomwe. Fundi, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alishikilia jambo: ubao ni wake, ni wa kazi, hauchomwi. Wakakubaliana zipakwe juu. Kulikuwa na kopo la nyeupe, baki la madirisha ya zahanati.

Zingepelekwa uani, lakini Dada Mkubwa alisema zipakwe hapo hapo, mama aone heshima yake inarudishwa. Mama Rangi alitandika gazeti sakafuni mbele ya kitanda. Alianza na mpiga ngoma kwa sababu ndiye aliyempenda kupita wote na alitaka amalizane naye mapema. Brashi ilikuwa pana, ya mageti. Aliipitisha mara moja na mkono mkubwa ukawa kivuli. Mara ya pili haukuwepo.

Bibi mwanzoni hakuelewa. Alidhani ni ubao mpya unaanzwa, akainua kichwa. Uso wa mpiga gitaa zito ulipozama, akaelewa. Alipiga godoro. Alipiga ukuta. Alijaribu kujiburuta kwa kiwiko cha kushoto kuelekea ukingoni, na binti yake akamshika mabega akisema, "Tulia, mama, yamekwisha, wanayaondoa, tulia."

Mama Rangi hakuinua macho. Angetaka kumwambia jambo. Lakini neno lolote ambalo Bibi angelisikia, binti yake angelisikia pia. Mwimbaji alimpaka mwisho, kuanzia nywele kushuka, na mdomo ulikaa muda mrefu chini ya nyeupe, mwekundu, ukitokeza, mpaka alipourudia mara ya tatu.

"Sasa mwombe radhi," alisema Dada Mkubwa.

Alipiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mama."

Bibi alimtazama kwa jicho lililo zima. Kisha akageuzia uso ukutani.

Kesho yake gari la shule lilipita. Dada Mkubwa alilipanda na redio ndani ya mkoba, waya umening'inia nje, akawapungia mkono kwa upole. Alikuwa ameacha sabuni mbili na shuka jipya.

*

Bibi hakukataa chakula. Alikipokea pembeni, kutoka ubavuni mwa mdomo, bila kumtazama anayelisha. Alipogeuzwa kulia alifumba macho. Alipogeuzwa mgongo alitazama dari. Zamu ya kushoto ilipofika, uso ulielekea ukutani, na huko alibaki, kisogo kwa mkwe wake, saa mbili kamili, na ungedhani amelala kama si kidole cha mguu kilichokuwa kinasonga.

Jumatatu ilipita hivyo. Jumanne Mama Rangi alimweleza kila kitu, chumba cha nyuma ya bweni, kufuli, dirisha la hewa. "Ningefanyaje, mama? Niambie wewe ungefanyaje." Saa nne ilifika ikawa saa nne tu. Kwa jirani mtu alikuwa anatwanga, na ndege walitembea juu ya bati.

"Atarudi," alisema Fundi jioni.

"Nani? Redio?"

"Mama."

"Hajaenda popote. Hilo ndilo nililonunua."

Fundi aliahidi kutafuta redio nyingine, kisha akakumbuka Dada angeiona, akaacha sentensi hapo ilipofika.

Alhamisi, baada ya kumgeuza kushoto, Mama Rangi hakuondoka kwenda kufua. Mbao nne zilikuwa zimeegemea ukuta. Nyeupe ilikuwa imekauka vizuri, imeziba nyuzi zote za mti, laini, tofauti na mwanzo alipochora juu ya ubao mkavu uliokunywa rangi kama mchanga. Aliipitishia kiganja. Akachukua moja, akaiweka magotini, akatafuta penseli ya mumewe ya kupimia.

Uso haukuwepo wa kuchora. Kulikuwa na shingo yenye mikunjo mitatu, na nywele nyeupe alizozisuka mwenyewe Jumapili, na sikio. Lilikuwa sikio la kulia, kubwa, ncha imelegea kwa hereni za ujanani. Miaka miwili alikuwa analiosha kwa kitambaa na hakujua lilivyokunjamana ndani, mkunjo ndani ya mkunjo.

Alianza hapo, bila miraba.

Penseli ilikwaruza kwenye ubao, sauti ndogo, lakini chumba kilikuwa kimya na hakuna sauti nyingine ya kuifunika. Kidole cha mguu kilisimama. Mama Rangi akaacha kuchora, akangoja. Akaendelea. Bibi alikuwa ameisikia. Hakugeuka. Aliyavuta tu mabega kidogo, kadiri upande wake mmoja ulivyoweza, akainua kidevu ili shingo inyooke, akakaa hivyo, hatikisiki, mpaka saa mbili zilipokwisha na ikawa lazima ageuzwe.